Kadi Namba Arobaini na Moja

Carrollton, Texas
Jumanne, 24 Julai 2018

Shikamoo Mjomba Gaudence,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Kadi namba 41 niliyokutumia si ya kweli. Niliitunga mwenyewe.

Naomba nieleze kwa utaratibu. Karatasi zako sitini za penseli, zile ulizochorea michezo ya timu ya Memphis ya mpira wa Kimarekani, mpangilio mmoja kwa karatasi, kutoka kwenye filamu, zilinifikia tarehe 5. Ulisema nizichore upya kwa maka peni kwenye kadi ngumu, mistari minene, ili wachezaji wenu wa akiba waione kadi kutoka hatua kumi na waigize Memphis mazoezini. Nilichora kumi kwa siku kwenye meza ya jikoni, Mama akiwa kazini. Siku ya tano nilipofika namba 41, kikombe cha chai kilimwagika juu ya karatasi yako. Nilipoifuta ikachanika. Haikusomeka tena.

Ningeweza kukupigia. Nilishika simu mara tatu. Lakini unanijua kwenye simu, nasema "ndiyo Mjomba" na "hapana Mjomba" halafu nakaa kimya mpaka mtu akate. Niliogopa pia utasema basi, kazi hii umpe mwingine. Nimemaliza shule mwezi wa sita, na tangu hapo hii ndiyo kazi pekee niliyopewa na mtu.

Kwa hiyo nilifanya hivi. Nina mechi mbili za Memphis za mwaka jana, nilizirekodi kwenye TV. Karatasi ya 40 na ya 42 zote zilionyesha mkimbiaji wao akipewa mpira na kwenda kulia. Kwenye mechi hizo nilimtazama mchezaji wao mrefu wa pembeni, namba 88. Kila wakikimbia kulia, yeye anamsukuma mtu mmoja, anaanguka, anabaki chini. Nilihesabu mara kumi na moja. Hakuna anayemwangalia akiwa chini. Nikafikiri kwamba siku moja atainuka, akimbie kushoto peke yake, na arushiwe mpira. Hicho ndicho nilichochora.

Sasa silali vizuri. Wachezaji wako watafundishwa kuzuia kitu ambacho Memphis hawajawahi kufanya, na wakikosea ni wewe utakayeulizwa. Tafadhali itoe kabla ya mazoezi kuanza. Ndani ya bahasha hii nimeweka kadi tupu yenye namba 41. Ukiukumbuka mchezo wa kweli, uchore hapo.

Nisamehe.

Mpwa wako,
Yasinta


Kambini, San Marcos
1 Agosti 2018

Marahaba, mwanangu Yasinta,

Nimepata nusu saa kati ya chakula cha mchana na kikao, nikasema nikuandikie, maana wewe na simu hampatani.

Bahasha zako zote za kaki zimefika. Ile ya mwisho ilinikuta nafunga mizigo ya kuja kambini. Nimeiweka na wenzake, usiwe na wasiwasi wowote.

Kadi zako zimeleta kelele huku. Makocha wengine wanachora kama kuku amekanyaga wino. Zako zinasomeka mpaka ng'ambo ya uwanja. Kocha Pruitt, mkuu wetu wa ulinzi, mtu ambaye sijawahi kumwona akisifu hata chakula, aliichukua ile ya 41 akaitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Hii ni hatari. Hii tutaifanyia mazoezi kila wiki." Kwa hiyo inabaki.

Zamani uliniomba habari za kuweka kwenye lile daftari lako la makocha wasaidizi. Mwandike huyu: Kocha Hollis, anafundisha wale wanene wa mstari wa mbele. Miaka thelathini na moja kazini, timu kumi na moja, nyumba kumi na tatu, ubingwa mara mbili. Mara zote mbili picha ya timu ilipopigwa alikuwa ndani ya chumba cha filamu. Nilipomuuliza mafanikio yake ni yapi, alifikiri akasema, "Wote niliowafundisha bado wanatembea kwa magoti yao wenyewe." Uliyaandika ya wengine, yaandike na hayo.

Mimi nipo palepale. Nakata vipande vya filamu za mechi, nachora, nafika ofisini saa kumi alfajiri. Huu ni mwaka wangu wa nne na Houston Herons na bado nikitoka langoni watoto wenye kalamu za kuombea saini hunipisha wamfuate aliye nyuma yangu.

Dada ananiambia asubuhi unakunywa maji ya moto matupu. Mwanangu, hayo ni maisha ya wodini. Anti Dorothea yuko Tanzania na watoto, nyumba ya Katy imefungwa, kwa hiyo ukiandika tumia anwani ya ofisi kama kawaida.

Mjomba wako,
Gaudence


Carrollton
Jumapili, 12 Agosti 2018

Shikamoo Mjomba,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Asante kwa kusema nisiwe na wasiwasi. Sikutegemea uipokee hivyo. Nilitegemea ukasirike.

Kama wewe na Kocha Pruitt mmeona ibaki, basi najua kuna sababu. Sitaitaja tena isipokuwa wewe ukiitaja kwanza.

Kocha Hollis nimemwandika, ukurasa wa hamsini na mbili. Daftari sasa lina watu hamsini na wawili. Karibu wote kumbukumbu zao ni mstari mmoja: mwaka, mji, kundi la wachezaji alilofundisha, kisha mji mwingine. Nimegundua kwamba kocha mkuu akiondolewa, wasaidizi wake wote huhama mwaka uleule. Mstari wao unakatika pale bila maelezo. Nimeacha nafasi chini ya kila jina, nikipata maelezo niyaweke.

Wiki ijayo naanza chuo cha jamii. Mama amenichagulia masomo ya kuniandaa kwa uuguzi. Sikusema chochote, akachukulia nimekubali.

Nawasalimu.
Yasinta


Houston
25 Septemba 2018

Yasinta, Yasinta, mwanangu,

Uliona? Niambie uliona.

Robo ya nne, tunaongoza kwa pointi nne, Memphis wako yadi tisa kutoka kwenye mstari wetu wa goli. Wanajipanga. Mimi niko juu kwenye chumba cha vioo, nimevaa vipokea sauti, kazi yangu ni kusema wachezaji gani wameingia. Naona wamejipanga kama kwenye kadi. Kabla sijafungua mdomo namsikia kijana wetu namba 54 uwanjani anapiga kelele, "Forty-one! Forty-one!" Mkimbiaji anajifanya amepewa mpira, anaenda kulia. Watu elfu sabini wanaenda kulia naye. Namba 88 anaanguka. Halafu anainuka.

Na namba 54 yuko pale, amemsimamia kama mtu aliyetumwa kumpokea mgeni stendi. Mpira ukarushwa, 54 akaudaka yeye. Mechi imekwisha.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Kocha Pruitt aliwanyamazisha wote. Akashika mpira wa mechi, ambao hupewa mchezaji aliyefanya vizuri kuliko wote. Akasema, "Huu ni wa Gaudence." Analitamka jina langu kama jina la dawa, lakini alilitamka. Wachezaji wakagonga makabati. Miaka kumi na moja ya ukocha, mwanangu, baada ya kuumia goti nikiwa mchezaji chuoni, na hiyo ndiyo mara ya kwanza jina langu kutajwa chumbani bila kufuatiwa na "lete" au "peleka".

Makocha wote wananiuliza niliiona wapi. Nawajibu kazi ya kadi ni kazi ya macho.

Mpira nimeuweka kabatini ofisini, juu ya bahasha zako.

Mjomba wako,
Gaudence


Carrollton
Jumapili, 7 Oktoba 2018

Shikamoo Mjomba,

Niliona. Nilikuwa sebuleni na Mama na Bwana Isack, yule anayekuja na familia yake baada ya misa. Nilijua dakika walipojipanga. Nilikaa juu ya mikono yangu ili nisiielekeze kwenye TV.

Baadaye kamera ikaonyesha chumba cha makocha juu. Mama akapiga kelele, "Kaka yangu yule! Yule mwenye kofia!"

Bwana Isack akasema, "Mama Yasinta, wote wana kofia."

"Mwenye vipokea sauti!"

"Wote wana vipokea sauti. Huyu kocha wenu tunaambiwa kila Jumapili yupo, kila Jumapili simwoni. Au ndiye anayejaza chupa za maji?"

"Yeye ndiye aliyewapangia ile!" Mama akasema. Alikuwa amekisia tu, ili amnyamazishe. Bwana Isack akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilienda jikoni kuosha sahani.

Mjomba, nimeelewa kwa nini hukuwaambia makocha mengine. Karatasi hazikupaswa kutoka nje ya ofisi yenu, na ukianza kueleza sehemu moja utaulizwa kuhusu zilizobaki pia. Kwa hiyo na mimi sitasema. Nilitaka tu ujue kwamba nimeelewa. Ingekuwa vizuri kama kwenye barua, ambayo tunaisoma wawili tu, ungeandika hata neno moja. Lakini labda hata barua si salama.

Ukurasa wako kwenye daftari nimeuongezea mstari: "2018, Houston. Mpira wa mechi, wiki ya tatu."

Hongera sana.

Yasinta


Katy
3 Januari 2019

Mwanangu Yasinta,

Nisamehe kwa ukimya. Barua yako ya Oktoba niliisoma haraka nikaiweka nikijua nitairudia, na msimu ukanimeza. Kama uliudhika kwamba sikuwatajia makocha mchoraji ni nani, uliudhika kwa haki.

Habari umeshaziona kwenye TV. Msimu uliisha Jumapili kwa kufungwa kwa mara ya kumi na moja. Jumatatu saa moja asubuhi kocha mkuu alifukuzwa, saa mbili tukaitwa wasaidizi wote kumi na wanne kwenye chumba kimoja. Kwenye kila kiti kulikuwa na boksi tupu limekunjwa. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Kocha Hollis alilikunjua lake kwa sekunde tatu. Ana mazoezi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapokuhitaji. Timu ya Omaha wanatafuta kocha msaidizi wa walinzi wa kati. Si mchora kadi. Mwalimu, mwenye wachezaji wake mwenyewe. Wameniita kwa usaili tarehe 16. Wamesikia habari ya Memphis, na wametaka niende na kadi 41 na filamu niliyoitumia kuichora, niwaonyeshe nilivyoing'amua.

Kadi ninayo. Filamu ndiyo sina. Kitambulisho changu cha mlangoni kimefungwa, na kwa kweli hata sikumbuki ilikuwa mechi gani. Nimepitia mechi zao zinazopatikana kwenye TV na siioni. Lakini kwenye kila karatasi ya penseli niliandika pembeni jina la mechi na dakika. Najua hutupi kitu. Nitumie karatasi yangu ya 41 haraka, kwa posta ya siku moja.

Sitaki kukutisha, wewe ni mtoto, ila unastahili kujua. Nina miaka thelathini na tisa. Mchora kadi aliyefukuzwa akikaa nje msimu mmoja, simu hazilii tena, vijana wapo wengi. Shemeji yangu ameshaniulizia nafasi kwenye ghala lake huko Fort Worth. Anti Dorothea anapanga vyombo tu, na vyombo vyenyewe vimeshapangwa.

Hii ndiyo nafasi.

Mjomba wako,
Gaudence


Carrollton
7 Januari 2019

Shikamoo Mjomba,

Nilidhani unajua.

Nilikuandikia tarehe 24 Julai. Ilikuwa bahasha ya kaki kama zile za kadi, kwa sababu niliweka kadi moja tupu ndani na bahasha ya kawaida ingeikunja. Ulisema imefika na umeiweka na wenzake. Nilifikiri umeisoma ndipo ukaiweka.

Tafadhali itafute kwenye boksi lako. Ni nyembamba kuliko nyingine. Siwezi kuiandika mara ya pili.

Karatasi ya 41 haiwezi kukusaidia. Utaelewa ukisoma.

Yasinta


Katy
20 Januari 2019

Yasinta,

Niliipata. Ilikuwa ya chini kabisa, gundi haijaguswa. Bahasha za kaki zenye mwandiko wako kwangu zilikuwa ni kadi tu, na hiyo ilipofika niliipima kwa mkono nikasema hizi ni za akiba, sitafungua mpaka zihitajike. Mtu anayelipwa kutazama vitu alikaa na barua miezi sita.

Niliisoma nimekaa sakafuni gereji. Ilikuwa tarehe 10, siku sita kabla ya usaili. Sitakudanganya, nilikasirika. Halafu nikasoma tena yale maneno ya "nisamehe", nikakumbuka jibu nililokutumia kutoka kambini. Nikaona jinsi ulivyolisoma, na jinsi ulivyosoma kila kitu tangu hapo. Nimeona aibu sana, mwanangu.

Basi sikia yaliyotokea Omaha.

Walikuwa watu watano mezani. Mkubwa wao ni Kocha Lindqvist, mzee mwenye nyusi nyeupe, miaka ishirini na tisa kazini, ameanza kama mimi kwa kuchora. Alivuta kadi 41 kwa kidole kimoja.

"Nzuri. Filamu yake iko wapi?"

"Haipo."

"Umeisahau?"

"Haikuwahi kuwepo."

Wakaangaliana. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri, Yasinta. Njia nzima kwenye ndege nilikuwa naupiga pasi. Ningesema filamu zimebaki Houston na mlango umefungwa, ambayo ni kweli nusu. Nilipofungua mdomo yakatoka yale mengine. Niliwaambia kadi zilikuwa mia mbili, mkono ni mmoja, nikampelekea sitini mpwa wangu aliyemaliza shule anisaidie kuchora. Chai ikamwagikia karatasi, akaogopa kuniambia, akajaza nafasi kwa kukisia. Nikasema, "Ilikuwa bahati."

Kocha Lindqvist akauliza, "Ulitoa karatasi za timu nje ya jengo?"

"Ndiyo."

"Kwangu hufanyi hivyo hata ukiwa unakufa."

"Sawa."

Mmoja pale pembeni alianza kucheka, wakafuata wote. Mzee alikuwa wa mwisho. Akasema, "Watu wanne wamekaa kwenye kiti hicho wiki hii. Wote wamenieleza jinsi walivyo na akili. Wewe ni wa kwanza kuniambia kikombe cha chai kimekushindia mechi. Mtu wa hivyo akikosea nitalijua kosa lake siku hiyohiyo."

Jana wamenipigia. Nimepata. Kocha msaidizi wa walinzi wa kati, mkataba wa miaka miwili. Huko tayari wameshanibatiza, naitwa "Tea", yaani Chai. Kocha Lindqvist amesema nitakuta birika juu ya meza yangu, na kwamba hadithi hiyo anaisimulia kwa kila anayemtembelea.

Kuna kitu kimoja kinanisumbua. Nilisema bahati. Sikuwaambia habari ya namba 88 na mara kumi na moja. Ulikuwa umenieleza vizuri kabisa kwenye barua, na nilikuwa nayo mfukoni mwa koti. Ningewaambia, wangetaka kukusaili wewe badala yangu. Labda hilo ndilo lililonifunga mdomo. Niliona bahati haina mtu wa kudai chochote.

Nimekutumia mpira kwenye boksi tofauti. Si wangu. Ukisema niwapigie Omaha niwaeleze ilivyokuwa, nitawapigia. Ni wewe wa kuamua.

Gaudence


Carrollton
Jumamosi, 2 Februari 2019

Shikamoo Mjomba,

Mpira umefika. Uko chini ya kitanda changu ndani ya begi la shule. Mama aliuliza boksi ni la nini, nikasema ni zawadi kutoka kwako. Aliugeuzageuza akasema, "Mtu mzima anamtumia msichana mpira," akarudi jikoni.

Nimefurahi kuhusu Omaha. Nilipomwambia Mama alipiga vigelegele, jirani akagonga ukuta. Jumapili kanisani alimfuata Bwana Isack mpaka kwenye gari lake. Bwana Isack akasema, "Kumbe! Sasa ana chupa zake mwenyewe." Lakini alimpa mkono.

Umesema niamue. Usiwapigie. Na sababu siyo kwamba nina roho nzuri.

Kwenye bahasha hii, ambayo safari hii nimeiandika BARUA kwa maka peni nyekundu pande zote mbili, utakuta karatasi yako ya penseli namba 41. Itazame vizuri. Haina tone la chai. Haijachanika popote. Pembeni umeandika mechi ya Memphis na Tulsa, robo ya pili, dakika 6:12. Mchezo wenyewe ni mkimbiaji kwenda kulia, sawasawa na ule wa 40, tofauti ni hatua moja ya mguu wa mtu mmoja.

Hakuna chai iliyomwagika. Nilisoma karatasi yako vizuri kabisa. Niliiona nikasema hii ni ileile ya 40, itapoteza nafasi, na namba 88 bado anaanguka na hakuna anayemwangalia. Nikaiweka kando nikachora yangu. Sikuogopa hata kidogo. Woga ulikuja wiki mbili baadaye, nilipofikiri kwamba unaweza kupoteza kazi kwa sababu mimi nilijiona najua zaidi. Ndipo nikatunga chai. Nilitaka uitoe ile kadi bila kujua kwamba niliibadilisha kwa makusudi. Kumwaga chai ni kosa ambalo mtu yeyote anasamehewa.

Nilidhani utagundua. Nyumbani kwetu mimi peke yangu ndiye nisiyekunywa chai, na wewe mwenyewe ulinitania kuhusu maji ya moto. Mama yuko kazini, niko peke yangu mezani, chai ni ya nani? Nilikaa nikisubiri uniulize. Hata Januari, ulipoisoma barua mwishowe, nilisubiri. Badala yake umeipeleka Omaha, watu wameicheka, na sasa ina birika.

Kwa hiyo unaona kwamba haiwezekani kuwapigia. Kocha Lindqvist amekuajiri kwa sababu ulisema ukweli, na ulichosema wewe uliamini ni kweli. Akijua kwamba mtoto wa dada yako alibadilisha kazi ya timu kwa makusudi, na kwamba wewe hukuilinganisha kadi na karatasi yako kabla ya kuipeleka uwanjani, hatacheka mara ya pili. Simu hazitalia tena. Anti Dorothea atapanga vyombo.

Kuhusu kusema ilikuwa bahati, iliniuma siku mbili, sasa imepungua. Hapa chuoni wanatafuta wanafunzi wa kukata filamu za timu, kazi ya jioni. Nilienda. Nilisimama mlangoni muda mrefu mpaka mtu akaniuliza kama nimepotea. Kwenye fomu kuna swali kama nimewahi kufanya kazi ya aina hii. Niliandika hapana. Wamenichukua hata hivyo, kwa majaribio, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Naanza Jumatatu. Mama nitamwambia mwenyewe, nikipata siku.

Ukurasa wako kwenye daftari sasa unasomeka hivi: "2007, Katy, shule ya sekondari, msaidizi. 2010, Oklahoma, chuo, walinzi wa kati. 2015 hadi 2018, Houston, kadi na filamu. Mpira wa mechi, wiki ya tatu. 2019, Omaha, walinzi wa kati." Chini yake niliacha nafasi ya maelezo kama kwa wengine wote. Nimeamua ibaki tupu.

Nilitaka mtu mmoja ajue kwamba niliona. Nimekuchagua wewe. Karatasi hii ichome au ifiche, lakini asiione mtu, wala Anti Dorothea, wala Mama, wala mzee wa Omaha hata siku atakapokuwa amestaafu. Nakuomba sana, Mjomba, iwe siri yetu. Ukikaa mbele ya lile birika wakakuuliza tena ilikuwaje, waambie ilikuwa chai.

Mpwa wako,
Yasinta